Mafunzo ya Watu wa Sheria: Askari, Hakimu na Mlinzi wa Gereza

Wasomaji wetu, mtu akitaka kujenga nyumba ya mawe hutafuta mwashi aliyejifunza kazi yake, na saa yake ikiharibika hampelekei mshona viatu. Lakini liko jambo kubwa kuliko nyumba na saa, nalo ni uhuru wa mtu, na heshima yake, na pengine roho yake. Jambo hilo hushikwa kila siku na watu ambao wengi wetu hatujui wamefundishwa nini. Twamjua askari polisi kwa kofia yake, hakimu kwa kiti chake, na askari wa gereza kwa funguo zake. Twawaheshimu, au twawaogopa, kisha twakwenda zetu. Ni wachache waulizao: Je, watu hawa walijifunza wapi kazi hii, na asiyejifunza huleta hasara gani? Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo, hasa kwa wakubwa wa vijiji na walimu, maana mara nyingi wao hufika penye tukio kabla ya askari.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia wenyewe. Sisi tulipata kufanya kazi ya ukarani katika mahakama moja ya wilaya, mbali na mji. Siku moja lililetwa shauri la mtu aliyekatwa kwa panga usiku kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume. Panga lilionekana asubuhi katika majani nyuma ya nyumba ya jirani yake. Mgambo aliyeliokota alikuwa mtu mwema tena mwenye bidii. Aliona si adabu kulipeleka kwa wakubwa likiwa na matope, basi akalifuta kwa majani ya mgomba. Akampa mke wa mwenyekiti alitunze, naye akaliweka chini ya kitanda siku mbili. Askari alipofika alilichukua wala hakuandika amelipokea kwa nani, wala siku gani. Katika kituo likawekwa pamoja na panga jingine la shauri jingine, na yote mawili hayakuwa na kikaratasi.

Siku ya shauri shahidi alionyeshwa panga akaulizwa, "Je, hili ndilo uliloliokota?" Akaligeuza huku na huku, akasema, "Nadhani ndilo." Wakili wa mshitakiwa akamwuliza amelijuaje, akanyamaza. Hakimu hakuwa na la kufanya ila kumwachilia mshitakiwa. Mtu yule aliyekatwa vidole alisimama kando ya mlango wa mahakama mpaka watu wote wakatoka. Hata leo sisi hatujui kama aliyeachiliwa alikuwa na hatia au hakuwa nayo, na hapo ndipo penye uchungu. Kama alikuwa nayo, amekwenda bure. Na kama hakuwa nayo, jina lake halikusafishwa, maana kijijini watu walisema ameponea ujanja wa wakili.

Hakuna aliyekula rushwa katika shauri hili, wala aliyesema uongo. Lililokosekana ni mafunzo ya saa chache tu. Askari aliyefundishwa ajua ya kuwa kitu kilichookotwa kisifutwe, kifungwe, kitiwe alama, na kila mkono unaokipokea uandikwe jina, siku na saa, tangu pale kilipookotwa hata kifike juu ya meza ya hakimu. Wanasheria huufananisha mwandamano huo na mnyororo, na pete moja ikikatika hakimu hawezi kujua tena kama kitu kilicho mbele yake ndicho kile kile. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeirudia kanuni hii mara nyingi, hata kuwaachilia watu waliokwisha kuhukumiwa, kwa sababu karatasi za makabidhiano hazikuonekana.

Sasa tuangalie jinsi mafunzo haya yalivyoingia katika nchi zetu. Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919, na makao yake ya kwanza yalikuwa Lushoto. Askari wa siku zile alifundishwa zaidi gwaride, na bunduki, na kutii amri. Jambo hili lina asili yake. Tangu mwaka 1907 maofisa wengi wa polisi waliokuwa wakienda katika makoloni ya Waingereza walipelekwa kwanza Dublin, katika kambi ya polisi wa Ireland, na polisi wale walikuwa kama jeshi: walikaa kambini, walishika bunduki, na kazi yao kubwa ilikuwa kuituliza nchi isiyotaka kutawaliwa. Polisi wa London, walioanzishwa na Robert Peel mwaka 1829, walikuwa wa namna nyingine, walitembea mitaani bila bunduki. Makoloni yalipewa mfano wa Dublin, si wa London. Sisi hatusemi gwaride ni bure, maana humfundisha mtu kusimama imara penye fujo. Lakini gwaride halimfundishi mtu kumhoji mtoto aliyetendewa ubaya, wala kulichora ramani ya chumba kilichovunjwa.

Kwa upande wa hukumu, sheria ya mwaka 1929 iliziweka mahakama za wenyeji wa Tanganyika chini ya maofisa wa utawala, zikatoka katika usimamizi wa Mahakama Kuu. Chifu alikuwa mtawala na hakimu pamoja. Aliijua mila na ukoo wa kila mtu, na watu wengi walimkubali. Lakini asiyeridhika na hukumu yake alimpelekea rufani Bwana Shauri, naye mara nyingi hakuwa mwanasheria. Mwaka 1933 tume iliyoongozwa na Bwana H. G. Bushe ilizichunguza Kenya, Uganda na Tanganyika, ione jinsi mashauri ya jinai yanavyohukumiwa. Iliona ya kuwa maofisa wa utawala wasiosomea sheria walikuwa wakisikiliza hata mashauri makubwa, ikataka kazi hiyo ikabidhiwe zaidi majaji na mahakimu waliosomea. Wakubwa wa serikali wakapinga. Walisema Bwana Shauri ajua lugha na desturi za watu, na jaji atokaye mbali hazijui. Sisi twaona kila upande ulishika nusu ya ukweli. Kujua sheria bila kujua watu ni upofu wa jicho moja, na kujua watu bila kujua sheria ni upofu wa jicho la pili. Ajabu ni kwamba katika ubishi ule wote ni wachache waliofikiri juu ya njia ya tatu, yaani kumchukua mtu wa nchi hii, ajuaye watu wake, na kumfundisha sheria.

Njia hiyo ilikuja polepole. Mwaka 1953 ilifunguliwa shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe, karibu na Morogoro, wakafundishwa machifu, watumishi wao na madiwani. Mwaka 1961 chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, na kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, si cha uganga wala cha uhandisi. Kilianza na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya mahakama za mahakimu, na tangu mwaka 1964 mahakama ya mwanzo, ya wilaya na Mahakama Kuu zikawa ngazi za nyumba moja, na chifu akaondolewa katika kiti cha hukumu. Mahakimu wengi wa mahakama za mwanzo wa miaka ile walikuwa watu wa mafunzo mafupi tu, na kazi walijifunza wakiwa kitini. Mwaka 1998 sheria ilianzisha Chuo cha Uongozi wa Mahakama pale pale Lushoto yalipokuwa makao ya kwanza ya polisi, kwa kuwafundisha mahakimu na makarani wa mahakama. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya Shule ya Sheria, ambayo mwenye shahada hupita ili ajifunze kazi yenyewe ya uwakili kabla ya kuapishwa. Tena mwaka 2008 sheria nyingine iliweka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ili kazi ya kuendesha mashitaka iwatoke askari na kushikwa na wanasheria. Hapo zamani askari aliyepeleleza shauri na mwenzake aliyelisimamia mahakamani walikuwa watu wa kituo kimoja, na si rahisi mtu kuukosoa upelelezi wa rafiki yake. Uganda ilikuwa imekwisha kuanzisha chuo chake cha kazi ya sheria mwaka 1970.

Elimu ya upelelezi yenyewe ni changa kuliko wengi wadhanivyo. Mmoja wa walioiweka katika kitabu ni Hans Gross, hakimu mpelelezi wa Graz katika nchi ya Austria, aliyetoa kitabu chake mwaka 1893. Aliona kuwa yeye na wenzake wamejifunza vifungu vya sheria lakini hawakufundishwa kusoma nyayo, wala damu, wala jinsi shahidi mkweli awezavyo kukosea. Mwaka 1906 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza huko Madras, kikaongezwa mambo ya Bara Hindi, kikawafaa askari wa nchi nyingi. (Kwa habari ya nyayo twaweza kusema bila majivuno kwamba watu wetu wa mbugani walizisoma nyayo za ng'ombe walioibiwa kabla ya kusikia jina la Gross, ila hakuna aliyeiandika elimu yao.)

Alama za vidole nazo zina hadithi yao. Huko Bengal, Azizul Haque na Hem Chandra Bose walifanya kazi chini ya mkubwa wao Edward Henry. Shida haikuwa kupata alama, bali kuipata tena moja kati ya maelfu. Haque alitunga hesabu ya kuzigawa katika vijumba 1,024, yaani safu 32 mara 32, na karani aliyefundishwa akaweza kuitoa karatasi moja kwa muda mfupi. Ofisi ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na London wakaifuata mwaka 1901. Jina lililoenea duniani likawa la Henry. Miaka michache baadaye shule zilianza kufunguliwa: August Vollmer alianza kuwafundisha askari wake wa Berkeley, Marekani, mwaka 1908, na Lausanne katika Uswisi chuo cha elimu ya upelelezi kilifunguliwa mwaka 1909 na R. A. Reiss.

Lakini katika mafunzo yote hakuna somo gumu kama hili la kumtambua mtu, nasi twataka kukaa hapa kidogo. Watu hudhani shahidi akisema "Nilimwona kwa macho yangu," maneno yamekwisha. Sikilizeni habari ya Adolf Beck. Mwezi wa Desemba 1895 alikuwa akipita barabarani London, mwanamke mmoja akamshika akasema, "Wewe ndiwe uliyenilaghai, ukaniibia vitu vyangu." Polisi wakaleta wanawake wengine walioibiwa kwa hila ile ile, na wengi wao wakasema ndiye. Mjuzi wa mwandiko naye akasema barua za mwizi zimeandikwa na Beck. Akafungwa miaka saba mwaka 1896. Alipeleka maombi mengi kusema kuwa si yeye. Katika karatasi za gereza iliandikwa kwamba mwizi wa kweli, aliyekwisha kufungwa mwaka 1877, alikuwa ametahiriwa, na Beck hakutahiriwa. Jambo hilo lilionekana mwaka 1898, naye bado akaachwa kifungoni mpaka mwaka 1901. Mwaka 1904 akashikwa tena, wanawake wengine wakamtambua tena, akaonekana na hatia tena. Kabla ya kupewa adhabu, mwizi wa kweli akakamatwa akitenda hila ile ile, wakati Beck mwenyewe yumo ndani. Beck akasamehewa akapewa pauni 5,000, na kisa hicho kilisaidia kuzaliwa kwa mahakama ya rufani ya jinai ya Uingereza mwaka 1907. Wale wanawake hawakuwa waongo. Walikuwa na hasira, na kila mmoja alioneshwa mtu ambaye polisi walikwisha kumshika.

Kwa hiyo ikatungwa kanuni ya gwaride la utambulisho, na katika Afrika Mashariki Mahakama ya Rufani iliieleza wazi mwaka 1936. Mshitakiwa huwekwa kati ya watu wasiopungua wanane, wanaolingana naye kadiri iwezekanavyo kwa umri, urefu, sura na hali ya maisha. Achague mwenyewe mahali pa kusimama, na akitaka abadili mahali kila shahidi anapotoka. Askari anayelipeleleza shauri lile asilisimamie gwaride. Shahidi asimwone mshitakiwa kabla, wala aliyekwisha kutambua asizungumze na anayengoja nje. Asiambiwe "Mtafute mwizi wako," bali aambiwe kwamba ataona watu, na pengine yumo na pengine hayumo. Akimtambua amguse. Kisha mshitakiwa aulizwe kama ameridhika na jinsi lilivyofanywa, na jibu lake liandikwe. Mtu asiyejua sababu ataona haya ni mapambo. Mwenye kukijua kisa cha Beck ataona kila neno lina mtu aliyeteseka nyuma yake.

Vijijini kwetu shida kubwa ni usiku. Wezi huingia, taa ni koroboi, na asubuhi mwenye nyumba asema, "Ni fulani, nilimwona." Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilifundisha ya kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na hakimu asiutegemee mpaka ameondoa kila nafasi ya makosa. Basi askari aliyefundishwa humwuliza shahidi: Ulimwona kwa muda gani? Alikuwa umbali gani, kama kutoka hapa mpaka wapi? Taa ilikuwa ya namna gani, iliwekwa wapi, ilimwangaza yeye au wewe? Je, ulimjua kabla ya siku ile? Na swali lililo kubwa kuliko yote: Jina lake ulilitaja kwa nani, na lini? Aliyemjua mwizi kwa hakika hulitaja jina usiku ule ule kwa majirani waliokuja kwa kelele. Anayelitaja baada ya siku tano, hapo mtaa mzima umekwisha kusema ni fulani, huenda anayataja maneno ya mtaa. Sisi tumesoma faili nyingi ambazo askari aliandika tu, "Nilimtambua kwa mwanga wa taa," akapiga nukta. Neno moja hilo, bila maelezo, limewatoa wenye hatia gerezani, na pengine limewapeleka huko wasio na hatia.

Tuje katika maelezo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, ya mwaka 1985, yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe kosa analoshukiwa na haki zake, na muda wa kumhoji ni saa nne, nao haupaswi kuongezwa ila kwa njia iliyowekwa. Kukiri kwake hakukubaliwi kama kulitolewa kwa kipigo, au kitisho, au ahadi. Askari wasiofunzwa hupenda sana kukiri, maana huwaondolea taabu ya kutafuta. Lakini mtu apigwaye husema lolote, na akiisha kusema upelelezi husimama na mwenye kosa hulala usingizi. Mkufunzi mwema humweleza kijana wa polisi jambo hili kama somo la kazi, wala si la huruma tu.

Tena yako mashaka ya lugha, ambayo sisi makarani twayajua kuliko wengi. Kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kabila lake, na katika mahakama za juu maneno yakaandikwa kwa Kiingereza. Shahidi asema, "Alikuja saa mbili usiku." Kwetu saa mbili usiku ni wakati wa chakula, watu wamekaa uani na moto unawaka. Mwandishi asiyefundishwa huandika mbili, na msomaji wa Kiingereza husoma saa nane ya usiku, nchi imelala na giza limetanda. Hapo ushahidi mwema wa kumtambua mtu umekufa kwa tarakimu moja. Au shahidi asema, "Alimkata mkono." Je, ameukata ukaanguka, au ameujeruhi? Na mkono gani, maana kwetu mkono ni tangu begani hata ncha za vidole, na Waingereza wana neno moja la kiganja na jingine la sehemu iliyobaki. Au asema, "Ni ndugu yangu," kumbe ni mtoto wa baba mdogo. Na wakili atamwita mwongo kwa kuwa jana katika karatasi nyingine alisema hana ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ijapokuwa iliacha nafasi ya Kiingereza penye haja. Badiliko hilo lapunguza mashaka, haliyamalizi, maana wako wazee wengi wasiojua Kiswahili sawasawa, nao wahitaji mkalimani. Na ukalimani wa mahakama ni kazi ya kujifunza. Mkalimani mwema hafupishi, hapambi, hamsaidii shahidi, na asipoelewa husema mbele ya watu, "Sikuelewa, naomba arudie."

Juu ya magereza tutasema kwa ufupi, si kwa sababu ni jambo dogo, bali watu wa nje hawaoni mengi ya ndani. Mwaka 1955 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliokaa Geneva ulitoa kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa. Mwaka 2015 zikarekebishwa, zikawa kanuni 122, zikapewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni hizo zasema askari wa gereza afundishwe kabla ya kuanza kazi, ajaribiwe kwa maandiko na kwa vitendo, na aendelee kufundishwa akiwa kazini: sheria za nchi yake, haki za mfungwa na wajibu wake, namna ya kutuliza fujo kwa maneno kabla ya mikono, kiasi cha nguvu kinachoruhusiwa, huduma ya kwanza, na kumtambua mapema mfungwa aliyeugua akili. Zinakataza pia kumfungia mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Tanzania huwafundisha askari wa magereza Kiwira na Ukonga, na Kenya huko Ruiru, kama vile polisi wanavyofundishwa Moshi na Kiganjo. Twataka wasomaji wakumbuke jambo moja: karibu wafungwa wote hurudi makwao siku moja. Jinsi alivyotendewa huko ndani na mtu mwenye funguo, majirani wataiona atakaporudi.

Sasa yapasa tuseme yahusuyo kijiji, maana chuo cha Moshi hakiwezi kuweka askari katika kila kitongoji. Kukitokea uhalifu, mwenyekiti au mwalimu aliye karibu awazuie watu wasiingie mahali pale. Majeruhi asaidiwe kwanza, hilo halina mjadala, hata kama nyayo zitaharibika. Kisha mlango ufungwe, au pazungushwe kamba au miiba, na mtu mzima mmoja aketi pale mpaka askari aje. Kitu chochote kisiokotwe. Kama mvua yaja, kifunikwe kwa sufuria au karai bila kukigusa. Raia akimkamata mtu, sheria yamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia, wala hana ruhusa ya kumpiga. Wale wanaoitikia kelele za "Mwizi!" kwa mawe na mafuta ya taa wamekwisha kufanya kazi ya askari, ya shahidi, ya hakimu na ya mnyongaji kwa dakika kumi, na hakuna hata moja waliyojifunza.

Mwalimu naye, kwa kuwa ajua kuandika vizuri, na aandike usiku ule ule kabla watu hawajaongea sana: nani alikuja kwanza, nani alitajwa jina na nani alilisikia likitajwa, taa ilikuwa wapi, mwezi ulikuwapo au haukuwapo. Aandike maneno ya mtu kama alivyoyasema, hata yakiwa na makosa ya lugha, wala asiyatengeneze kama insha ya mwanafunzi wake. Saa aiandike kwa maneno, pamoja na alama ya kuijulisha, kama "saa mbili usiku, watu wakiwa wanakula," asitie tarakimu peke yake. Atie sahihi na tarehe. Karatasi hiyo ampe askari atakapofika, na nakala abaki nayo, nyuma yake ameandika jina na namba ya askari aliyeipokea, na saa aliyoipokea.